Picha 2,412 za mechi za watoto, na kipa mmoja simwoni: mnachaguaje?

NyarManyatta, Kisumu
Jumatatu, saa 4:10 usiku

Hamjambo wadau. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Kazi yangu ni picha za pasipoti, ubatizo na harusi ndogo ndogo hapa mtaani. Ijumaa na Jumamosi iliyopita kocha mmoja aliniita nikapige mashindano ya watoto wa chini ya miaka 13. Timu 8, mechi 15, uwanja mmoja wa shule ya msingi ambao upande wa chini hauna hata jani la nyasi. Kila mechi vipindi viwili vya dakika 15. Tulikubaliana kwamba kila kocha atapata picha ya timu yake bure, na mzazi anayetaka ya mtoto wake atanunua: shilingi 100 ya kutumiwa kwa simu, 200 ikichapishwa.

Nina Canon 1300D, lenzi ya 55-250, kadi moja ya GB 32 na betri mbili. Nilipiga JPEG, yaani picha ambazo kamera imeshazibana tayari, mwanzo mpaka mwisho.

Asubuhi ya kwanza nilifurahi sana. Jua la saa mbili lilikuwa bado liko chini, linawapiga watoto ubavuni, jezi zinang'aa. Kufika saa sita jua limesimama utosini na kila mtoto ana vivuli vyeusi machoni kama amevaa kofia. Siku ya pili, saa tisa hivi, mawingu yakakusanyika upande wa Nandi, upepo ukaanza kurusha vumbi, na mechi mbili za mwisho nikazipiga nikikimbizana na mvua. Nilipofungua picha nyumbani, za hizo mechi mbili karibu zote miguu ni ukungu mtupu.

Usiku ule ule nikaanza kuchagua. Laptopu yangu ni ya zamani, kila picha inachukua muda kufunguka. Nikawa nafuta zilizoharibika moja moja: iliyotikisika nafuta, mtoto amefumba macho nafuta, fokasi imekimbia nafuta. Saa nane usiku nilikuwa nimefuta zaidi ya 900 na kichwa kinauma.

Leo asubuhi mama mmoja amenipigia. Mwanawe ni kipa wa timu ya jezi za kijani, ile iliyofungwa mabao matano Ijumaa na haikuvuka makundi. Aliuliza kwa upole kabisa kama ninaweza kumtumia picha ya kijana. Hakuweza kuja mwenyewe kwa sababu anauza samaki na Ijumaa ni siku yake ya mapato. Nikamwambia anipe nusu saa. Nikatafuta. Mechi ile nina picha 61, na kipa yumo kwenye mbili tu: moja ni mgongo, nyingine ni nusu ya mkono nyuma ya mfungaji. Wafungaji wa timu ile nyingine ninao kwa wingi, wanaruka, wanakumbatiana, wanateleza kwa magoti. Niliwafuata wao dakika zote 30.

Sijamjibu yule mama bado. Nimeshindwa nimwambie nini.

Naomba mnieleze mnavyofanya ili mtoto asipotee katikati ya picha nyingi hivi. Pia hiyo miguu ya ukungu na zile nyuso nyeusi za saa sita. Nimeitwa tena mwezi ujao na sitaki irudie.


BabaWawili, Migosi
Jumatatu, saa 4:22 usiku

Dada, kabla ya lolote: ulizofuta ulizifuta kwenye laptopu au kwenye kadi? Na kadi umeshaiformati? Kama hujaiformati usiirudishe kwenye kamera, itoe uiweke mahali pa peke yake.


NyarManyatta
Jumatatu, saa 4:25 usiku

Nilizifuta kwenye laptopu. Kadi bado iko kwenye mkoba, sijaigusa tangu Jumamosi. Naitoa sasa hivi.


BabaWawili
Jumatatu, saa 4:31 usiku

Basi picha zako zote 2,412 zipo. Sukuma ile swichi ndogo ya ubavuni kwenye kadi iwe upande wa kufunga, nakili tena kila kitu kwenye folda mpya, halafu hesabu. Namba ikitimia, nakala nyingine weka kwenye flashi au diski ya nje. JPEG za kamera hiyo ni kama MB 6 kila moja, kwa hiyo zote ni GB 15 hivi, flashi ya GB 32 inazimeza. Na hata kama ungekuwa umeiformati, ipo programu ya bure inaitwa PhotoRec, huwa inarudisha nyingi mradi tu hujapiga nyingine juu yake.


FundiWaLurambi, Kakamega
Jumanne, saa 12:50 asubuhi

Mulembe dada. Nimesoma ujumbe wako kabla sijatoka kwenda kazini, nikaona nikujibu kwanza.

Tatizo lako lilianzia uwanjani, laptopu imekuonyesha tu. Mpira ukiufuata dakika 30 utakupeleka kwa watoto wanne au watano, wale wepesi, na hao utakuwa nao mpaka uwachoke. Mimi nimepiga mechi za shule huku kwetu miaka mingi, viwanja vya vijijini na mara nyingine pale Bukhungu, na nina desturi siivunji: dakika tano za mwanzo siufuati mpira. Naanza na kipa wa upande niliposimama. Nampiga akiwa amesimama tu, akipanga mabeki wake, akivuta glovu. Kisha mabeki mmoja mmoja, kisha wa katikati. Kipindi cha pili timu zikibadilishana magoli, kipa wa pili anakuja mwenyewe mpaka nilipo. Wakati wa mapumziko naenda benchi. Kuna mtoto pale ataingizwa dakika mbili za mwisho, au hataingizwa kabisa, na nyumbani alishawaambia leo anacheza. Huyo nampiga akiwa na jezi yake na namba yake ionekane.

Jambo la pili ni karatasi. Kila kocha ana orodha ya majina na namba za jezi. Muombe, ishike mkononi, ipige picha kabla ya filimbi. Inakusaidia mara mbili: baadaye unajua namba 1 wa kijani ni nani, na kwenye laptopu karatasi ile inakuwa ukuta kati ya mechi na mechi. Hakikisha pia saa ya kamera inalingana na ya simu yako, ili kocha akikuambia "lile bao la saa tano na robo" ulipate bila kuhangaika.

Sasa kuchagua. Acha kabisa kufuta mzunguko wa kwanza. Mtu aliyechoka saa nane usiku akiwa na kidole kwenye Delete anafuta kwa sababu ya fokasi tu, hana nafasi ya kufikiria picha ile ni ya nani. Tumia programu yenye nyota. Mimi natumia digiKam, ni ya bure, na laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu. Mara ya kwanza inaposoma folda iache usiku kucha, asubuhi inakuwa imetulia. Unashika Ctrl na namba, nyota inawekwa.

Mzunguko wa kwanza najiuliza swali moja: kuna mtoto anayetambulika na uso wake umeshika? Kama yupo, nyota moja, songa. Usikuze, usirudi nyuma, usilinganishe. Kwa sekunde mbili kila picha, zako 2,412 ni kama dakika 80. Pumzika katikati, kunywa chai.

Mzunguko wa pili unafungua zenye nyota peke yake na kuziwekea lebo: kijani-01, kijani-02, nyekundu-07. Hii ndiyo kazi inayochosha na ndiyo inayolipa. Ukimaliza, fungua karatasi ya kila timu uandike pembeni ya kila namba ana picha ngapi. Asiye na hata moja mzungushie kalamu nyekundu. Halafu rudi kwenye zile zisizo na nyota ukimtafuta huyo mtoto peke yake. Jicho linalomtafuta mtoto mmoja linaona vitu ambavyo jicho linalotafuta picha nzuri halivioni. Nimewapata watoto wengi namna hiyo, nyuma ya mtu, pembezoni mwa fremu, kwenye picha niliyoiona mbovu.

Kwa hiyo usimjibu mama bado. Pitia ile mechi yote upya kutoka kwenye kadi, ukimtafuta yeye tu.

Miguu ya ukungu ni kasi ya shata. Gurudumu la juu liweke Tv, ambapo wewe unachagua kasi ya shata na kamera inapanga mengine, chagua 1/1000 ya sekunde, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iache Auto. Ukiona namba ya f, yaani uwazi wa lenzi (namba ikiwa ndogo lenzi imefunguka zaidi), inapepesa ndani ya kitafutio, kamera inakuambia mwanga hautoshi. Hapo shuka mpaka 1/640, usiende chini zaidi kama wanakimbia. Lenzi yako ukiivuta mpaka 250 inafunguka f/5.6 tu, lakini kwenye 55 inafika f/4, kwa hiyo giza likiingia acha kuvuta, sogea. ISO 3200 italeta chengachenga. Zipokee. Mzazi anatafuta uso wa mwanawe, hahesabu chenga.

Fokasi iwe AI Servo, ile inayomfuata anayekimbia, na tumia ile pointi ya katikati peke yake. Zipo tisa kwenye kamera yako ila ya katikati ndiyo yenye nguvu. Ukiziacha zote tisa zijichagulie, zitarukia nguzo ya goli au watazamaji walio nyuma. Na usitegemee kushikilia kibatani: 1300D inapiga picha tatu kwa sekunde, mguu unafika kwenye mpira na kuondoka kati ya fremu mbili. Jizoeze kubonyeza mara moja, kidogo kabla ya mguu kufika.


ShangaziWaAfraha, Nakuru
Jumanne, saa 7:15 mchana

NyarManyatta, pole mwanangu. Fundi amesema yote ya uwanjani vizuri, mimi niguse nyuso za saa sita.

Sisi tuko kwenye ikweta. Jua la mchana linatoka juu moja kwa moja, na paji la uso linatia kivuli machoni. Hakuna lenzi ya kuliondoa hilo. Ninachofanya ni kupiga goti. Watoto wa miaka 12 ni wafupi, ukiwapiga umesimama unapata vichwa na vivuli, ukishuka unapata uso ulioinuka. Ardhi nayo inasaidia, kwa sababu udongo mkavu unarudisha mwanga juu. Uwanja wako ule usio na nyasi saa sita ni rafiki yako kuliko unavyodhani. Ila huko kwenye udongo mwekundu, Vihiga na Kakamega, mwanga unaorudi una wekundu wake na kidevu kinageuka rangi ya tofali, kwa hiyo utashusha joto la rangi kidogo wakati wa kuhariri.

Na kwenye kuhariri, naomba hili ulishike: usiongeze mwanga wa picha nzima ili uso uonekane. Jezi nyeupe zitaungua, anga litatoweka, na mtoto atakuwa na rangi ya majivu. Inua vivuli peke yake, kidogo kidogo, mpaka uone nyeupe ya jicho, hapo simama. Punguza sehemu zenye mwanga mkali kidogo. Ngozi nyeusi kwenye jua ina mng'ao wake kwenye shavu na kwenye paji, ule mng'ao ndio unaoonyesha jasho na kazi, usiupanguse. Nimeona picha za watoto wetu zimepaushwa mpaka mama mzazi anauliza huyu ni nani. Inaniuma. Snapseed kwenye simu inatosha kabisa kwa kazi hii, na ni ya bure.

Hariri picha moja ya kila mechi kwa makini, halafu marekebisho yale yale yapeleke kwenye nyingine za mechi hiyo, maana mwanga ni ule ule. Wingu likipita anza na nyingine. Nyoosha mstari wa uwanja kabla ya kukata kingo. Ukikata, usimkate mtoto kwenye goti au kifundo cha mguu. Kata katikati ya paja au mwache mzima. Na mpira ukiwepo karibu, mwachie mpira wake.

Fundi hakugusa JPEG. Kwa mechi uko sawa, kwa sababu ukiweka RAW, yaani faili ghafi ya kamera, hifadhi ya muda ya kamera yako itajaa baada ya picha kama sita mfululizo na kusimama wakati bao linaingia. Lakini picha za timu, zile za kupanga mistari miwili juani, piga RAW. Hazina haraka, na vivuli vya RAW vinainuka bila kupasuka.


MwalimuWaMichezo, Vihiga
Jumanne, saa 2:40 usiku

Nimefurahi kusoma haya. Mimi niko upande wa pili, ni mwalimu ninayewaita wapiga picha, na kuna jambo halijatajwa.

Hawa ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake imo humo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mwezi ujao mwambie kocha atoe fomu ya ukurasa mmoja pamoja na ile ya kujiandikisha: mzazi anakubali mtoto apigwe, anakubali au hakubali picha iwekwe mtandaoni. Asiyekubali, weka alama kwenye karatasi ya namba za jezi. Inakuwa kazi ndogo ukishakuwa na ile karatasi ya Fundi.

Dada, usizimwage zote kwenye kundi moja la WhatsApp. Mtumie kila mzazi ya mwanawe. Usiandike jina kamili la mtoto na shule yake chini ya picha ya hadharani. Na mtoto anayelia baada ya kufungwa, hiyo ni yake na wazazi wake, hata kama ndiyo picha bora uliyoipata siku hiyo. Nilikuwa na kijana aliyeacha kuja mazoezini wiki tatu kwa sababu picha yake akilia ilizunguka darasani.


NyarManyatta
Jumatano, saa 5:05 usiku

Nimempata.

Nilinakili upya kutoka kwenye kadi, zote 2,412 zimetimia. Ile mechi ilikuwa na picha 148, kumbe nilikuwa nimefuta 87. Nikazipitia kama Fundi alivyosema, simtafuti mwingine, namtafuta kijana mwenye glovu.

Alikuwa kwenye picha ya bao la tano. Niliifuta kwa sababu mfungaji aliye mbele ni ukungu, amepita mbio na kamera haikumshika. Fokasi ilikuwa imerukia nguzo ya goli, na kijana amesimama hapo hapo kwenye nguzo. Kila kitu chake kimeshika. Glovu ya kulia imeshonwa kwa uzi wa bluu kwenye kidole gumba. Wenzake wameinamisha vichwa, wawili wamekaa chini, na yeye tayari ameutoa mpira wavuni, ameukumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anawaelekeza mabeki warudi katikati. Mdomo uko wazi, anawapigia kelele. Mabao matano na bado anawapanga.

Nilikata kingo nikamwondoa mfungaji, nikanyoosha, nikainua vivuli kidogo kama Shangazi alivyosema. Nikaituma kwa mama kama dokumenti ili WhatsApp isiibane. Alinyamaza kama dakika kumi, halafu akatuma ujumbe wa sauti. Anasema hiyo glovu aliishona yeye Alhamisi usiku. Ameuliza kama inaweza kuchapishwa kubwa, aiweke ukutani. Sitamtoza.

Shida ni kwamba baada ya kukata, imebaki pikseli 2,100 kwa 1,400. Itafika ukubwa gani bila kuharibika?

Nimeanza pia lebo za timu zingine. Kwenye timu ya nyekundu na ya njano nina watoto sita hawana picha hata moja, nimewazungushia. Mwalimu, asante kwa fomu, nimeshaongea na kocha.


FundiWaLurambi
Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Nimesoma nikaita mke wangu asome.

Picha kamili ya kamera yako ina pikseli 5,184 kwa 3,456, kwa hiyo umebakiza sehemu ndogo, lakini inatosha. Inchi 5 kwa 7 itatoka safi kabisa. Ukutani, mtu anaiangalia akiwa hatua mbili au tatu, A4 itakubali pia. Utapata kama pikseli 180 kwa inchi, na kwa umbali huo haitasumbua. Usizidishe hapo. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa, inaficha chenga vizuri kuliko ya kung'aa. Na ukiipeleka studio mwambie wazi wazime marekebisho ya rangi ya mashine, kwa sababu mashine nyingi zinaongeza mwanga zenyewe na kijani cha jezi kitapauka. Omba kipande kidogo cha majaribio kwanza, angalia glovu. Ule uzi wa bluu ukionekana, waruhusu wachape.

Wale sita ukiwapata tuambie.